Usikisingizie chakula cha mwisho

Mtu akianza kutapika usiku, lawama zote huangukia chakula cha jioni. Mara nyingi kinasingiziwa tu. Muda uliopita kati ya kula na kuugua hutegemea aliyekudhuru ni kijidudu gani.

Tuanze na wenye haraka. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus huishi puani na kwenye ngozi, hata ya mtu mzima wa afya. Mpishi mwenye jipu kidoleni akishika nyama iliyokwisha kuiva, kisha sahani ikashinda mezani, bakteria huzaliana humo na kutoa sumu. Mlaji anameza sumu iliyo tayari, kwa hiyo hutapika kati ya dakika 30 na saa 8 baadaye. Kupasha moto hakumwokoi: bakteria hufa, sumu ikabaki. Bacillus cereus naye hufanya hivyo hivyo kwenye wali uliolala nje ya jokofu, kwa hiyo “mbona niliupasha ukachemka?” si utetezi.

Wengine huhitaji kwanza kuzaliana ndani ya mwili. Virusi vya norovirus huchukua saa 12 hadi 48, Salmonella saa 6 hadi siku 6, Campylobacter siku 2 hadi 5. E. coli O157, anayeleta kuhara damu na wakati mwingine kuharibu figo, kwa kawaida hujitokeza siku ya 3 au ya 4. Homa ya ini aina ya A inaweza kukaa kimya hadi siku 50. Nani atakumbuka alichokula?

Ndiyo maana daktari makini hakuulizi ulichokula leo tu. Atauliza vya juzi na vya siku za nyuma yake, na atataka kujua nani mlikula naye akaugua, nani hakukigusa akabaki mzima. Swali hili la pili, kwa maoni yangu, hufichua mengi kuliko la kwanza.

Wengi hupona kwa kunywa ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo. Nenda hospitali ukihara damu, ukiwa na homa kali, au ukikosa mkojo. Ukiona vitu viwili viwili, kope zikalegea au kumeza kukawa kugumu, usingoje hata kidogo: huenda ni botulizimu, ugonjwa uletwao na sumu ya bakteria, nayo hulemaza misuli ya kupumulia.

Mabaki ya chakula yakiwepo, usiyatupe. Yafunge, andika tarehe na uyaweke kwenye jokofu mbali na vyakula vingine. Maabara inaweza kuyahitaji.