Kwa Nini Mawese Hayazami? Zana za Darasani Zilizo Tayari Kigoma

Ninapokwenda kuwakagua wanachuo wetu wa ualimu kwenye mazoezi ya kufundisha, huomba kuona zana kabla ya andalio la somo. Mara nyingi naoneshwa bango la manila lililochorwa kwa ustadi, limeandikwa kwa kalamu ya maki ya rangi tatu, limebandikwa ubaoni. Watoto hulitazama kama wanavyotazama kalenda ya mwaka jana. Shule moja nilikuta hadubini ndani ya boksi lake kabatini, bado imefungwa nailoni, na ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyekwenda likizo.

Zana, iwe ya kununua au ya kufaragua, ina kazi moja kubwa: mtoto akisie, kisha aone mwenyewe kama amepatia. Bila kukisia, hata chupa ya maabara ni pambo tu. Na vitu vya kukisia, hapa Kigoma vimejaa sokoni.

Chukua chupa angavu, asali kikombe kimoja, maji kimoja na mawese kimoja. Kabla hujamimina chochote, waulize watoto nini kitakaa chini na nini juu. Katika Darasa la Tano nililoketi nyuma yake, mikono mingi iliinuka kusema mawese yatazama. Mwalimu alitaka kuwasahihisha palepale, nikamwashiria asubiri. Kosa lile lina asili, nayo ni lugha yetu wenyewe. Tunasema uji mzito, rojo zito, mafuta mazito, tukimaanisha kwamba kitu hakitiririki upesi. Mtoto anayeona mawese yakidondoka polepole kutoka kwenye mwiko, amesikia tangu utotoni kwamba hayo ni mazito. Atakosaje kudhani yatazama?

Sasa mimina. Asali kwanza, halafu maji taratibu ubavuni mwa chupa (ukimwaga kwa pupa asali itayeyuka na somo litaharibika), mwisho mawese. Asali inabaki chini, mawese yanapanda juu. Darasa linapiga kelele, waache wapige. Kisha leta mizani na chombo cha lita. Lita ya maji ni kilo 1, ya mawese ni kama gramu 900, ya asali inakaribia kilo 1.4. Hapo ndipo neno densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, linapoingia, baada ya jambo lenyewe kuonekana. Ukilianza wewe kwa kuliandika ubaoni, watalikariri na kulisahau.

Hisabati nayo imo. Kilo moja ya asali inajaza kiasi gani cha chombo cha lita? Gawanya 1 kwa 1.4: kasoro kidogo ya robo tatu. Mtoto akijua hilo, hatashangaa mama yake akiuziwa asali kwa kilo na galoni ya lita isijae. Onyo dogo: asubuhi ya baridi mawese huganda. Nilijaribu somo hili saa mbili asubuhi mwezi wa saba, nikaumbuka mbele ya wanachuo ishirini.

Bao nitalisemea kwa ufupi, kwa kuwa wengi mnalijua kuliko mimi. Mashimo 32, kete 64. Wanaoanza hucheza kwa kuweka kete mbili kila shimo, hivyo kila mchezaji ana mashimo 16 na kete 32. Kwa mwalimu wa Darasa la Tatu hiyo ni kuzidisha na kugawanya kabla mchezo haujaanza. Zuia mkono, uliza: ukianza na shimo hili lenye kete tano, ya mwisho itaangukia wapi? Wazee wa barazani hujibu bila kuhesabu kwa kidole. Kuna walimu wanaotumia trei ya mayai, ila ina vishimo 30 tu. Heri kuchimba mchangani na kuokota kokoto. Halafu wafungulie ramani ya dunia. Rwanda wana igisoro na Uganda omweso, yote ya safu nne kama bao letu. Ghana wana oware, safu mbili tu, mashimo 12 na kete 48. Kusini mwa India na huko Malaysia iko michezo ya ukoo huohuo. Watoto wakicheza oware leo na bao kesho, waulize ni upi mgumu na kwa nini. Mjadala huo unawafundisha kuhusu watu wa mbali kuliko orodha ya miji mikuu.

Somo ninalolipenda zaidi linahitaji uwanja, kamba na futi kamba. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, upana wa wastani wa kilomita 50, na kina chake kikubwa ni mita 1,470. Kwa kina, duniani linapitwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Fanya kilomita moja iwe mita moja. Upana unakuwa mita 50, nusu ya uwanja wa mpira. Urefu hautoshi uwanjani, utafika barabarani na kuvuka. Meli ya Liemba, yenye mita 71, inakuwa sentimita 7, kijiti tu. Na kina? Mita 1.47. Mtafute mwanafunzi mwenye kimo hicho, asimame katikati ya kamba.

Wengi hawaamini, maana walifikiri ziwa refu kwenda chini namna hii lingekuwa kama kisima. Madarasa ya juu waongezee namba hasi: uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kitako chake kiko wapi? Wakitoa 1,470 kwenye 770 watapata hasi 700, na safari hii alama ya kutoa ina maana: chini ya usawa wa bahari.

Mara ya mwisho, mtoto wa mvuvi aliuliza dagaa wanakaa sehemu gani ya yule mwenzao aliyesimama. Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa. Oksijeni katika ziwa hili huishia kwenye mita 100 hivi upande wa kaskazini, na 200 hivi kusini. Nikaweka kiganja utosini mwa yule mwanafunzi, nikakishusha hadi kidevuni. Migebuka, dagaa, na kila wavu unaotupwa usiku vyote viko hapa. Wakamwangalia kuanzia shingoni hadi miguuni, kimya.