Uso Ukifura, Usitupe Prednisoloni

Juzi tena: mama muuza omena wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, ananiambia tembe zake za prednisoloni, steroidi ya kutuliza utumbo uliowaka, amezitupa chooni. Kuhara damu kumekoma, uso umefura hadi wenzake wanamtania kwamba amenona, basi za nini tena? Hadithi hii nimechoka nayo, iwe kwa wenye kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana kuwaka na kutoka vidonda, au kwa wa Crohn, ndugu yake anayeweza kuwasha sehemu yoyote ya utumbo. Naiandika ili siku nyingine nitume tu linki.

Uso hufura, ndiyo. Chunusi hutoka, usingizi hukatika, njaa hukuamsha saa nane za usiku, sukari na presha hupanda. Mengi ya hayo huondoka dozi ikishuka, na ukimeza asubuhi baada ya chai, usingizi hauteseki sana. Mifupa kudhoofika na mtoto wa jicho ni habari nyingine. Ndiyo sababu hatutaki mtu akae na dawa hii mwaka mzima. Omena kula na mifupa yake, mama, kalisiamu imo humo.

Sasa kuacha ghafla. Juu ya kila figo kuna tezi ya adrenali, na ndiyo inayotengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari mwili ukipata msukosuko. Ukimeza miligramu 40 kila siku, yaani zile tembe nane za miligramu 5, ubongo unaona mambo yamejaa tele na hauziamrishi tena tezi. Wiki zikipita, tezi zinasinyaa na kudeka kama mtoto aliyezoea kulishwa. Ukikata dawa ghafla, hakuna wa kukutengenezea. Unalegea, unatapika, presha inaanguka, na ikikukuta na malaria juu yake unaweza kufa. Halafu matangani watu wanasema ameuawa na dawa, ilhali aliuawa na kukosa dawa!

Ndiyo maana tunashusha polepole, kwa kawaida miligramu 5 kila wiki, hadi wiki nane hivi. Mwendo huo, niseme ukweli, ni desturi zaidi kuliko sayansi. Kuna anayeshuka bila tatizo. Kuna ambaye akifika 10 tumbo linaanza tena. Na kuna anayefika 5 akawa hoi, viungo vinamuuma, na hapo hata mimi huumiza kichwa: ni ugonjwa unarudi, au ni tezi bado zimelala? Kupima kotisoli ya asubuhi husaidia, ila majibu mengi huangukia katikati, na inabidi tuamue kwa kumtazama mgonjwa.

Kuna na wale wa upande wa pili, walioipenda mno, wanaojinunulia kwenye kemisti kila tumbo likinguruma. Truelove na Witts wa Oxford walionyesha mwaka 1955 kwamba kotisoni, steroidi ya jamii moja na prednisoloni, hutuliza kolaitisi iliyowaka. Kuizuia isirudi ni kazi ya dawa nyingine, kama mesalazini au azathioprini, na azathioprini huchukua miezi kuanza kufanya kazi. Prednisoloni ni ya kuvukia tu.

Na zikibaki, usimgawie jirani anayehara damu. Huku kwetu damu hiyo inaweza kuwa amiba, na amiba ikipewa steroidi inaweza kutoboa utumbo.