Homa ya ini si homa ya manjano

Mdogo wangu alikwenda kupimwa afya kwa ajili ya safari ya kazi Muscat. Karatasi ya majibu ilirudi na mstari mmoja uliozungushiwa kalamu nyekundu: HBsAg, yaani kipimo cha virusi vya homa ya ini aina ya B, chanya. Safari ikafa hapo hapo. Tuliisoma ile karatasi barazani, na jirani yetu mmoja, mtu wa nia njema kabisa, akauliza: "Mbona huyu alishachanjwa? Si anayo ile kadi ya njano?" Na sote tukaona ana hoja.

Nimekuja kuelewa kwamba fujo yetu kuhusu ugonjwa huu inaanzia kwenye jina.

"Ana kadi ya njano, amekingwa"

Kadi ile ni ya chanjo ya homa ya manjano, ugonjwa unaoenezwa na mbu. Homa ya ini inayoletwa na virusi ni jambo jingine. Virusi vyake vikuu ni vitano, A, B, C, D na E, na hakuna hata kimoja kinachobebwa na mbu. Kinachofananisha magonjwa haya ni rangi ya macho. Chembe nyekundu za damu zinapochakaa huacha taka ya njano, na kazi ya kuiondoa ni ya ini. Ini likilemewa, taka ile hubaki mwilini na macho hugeuka. Malaria kali huweza kufanya hivyo, mawe ya nyongo huweza, hata baadhi ya dawa. Kwa hiyo mtu akiwa na manjano, bado hujajua anaumwa nini.

"Hana homa, hana manjano, basi mzima"

Mdogo wangu alikuwa akipakua mifuko ya saruji ya kilo 50 tangu asubuhi, na hakuwahi kulalamika hata maumivu ya tumbo. Virusi vya B na C huweza kukaa kimya kwenye ini miaka 20 au 30, huku makovu yakijijenga taratibu. Dalili zinapojitokeza, tumbo limejaa maji, miguu imevimba, au tayari ni saratani ya ini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na B na milioni 50 wakiishi na C, na wengi wao hawakuwa na habari. Homa hizi za ini ziliua watu takriban milioni 1.3 mwaka huo.

Wala usijihesabu salama kwa sababu kipimo cha UKIMWI kilitoka vizuri. Kipimo kile hakitafuti virusi vya ini. Wengi wetu hujua hali yetu kwa bahati tu, tunapochangia damu au tunapoandaa safari kama ile ya Muscat.

"Kayapata kwenye umalaya"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba yetu ilipoumia.

Mama hakumgombeza. Alichofanya ni kuchukua sahani moja, bakuli moja na kikombe, akaviwekea nukta ya rangi nyekundu ya kucha chini yake, akavitenga kwenye kona ya kabati. Mdogo wangu aliiona ile nukta siku ya kwanza alipogeuza kikombe kukikausha. Hakusema kitu. Toka siku hiyo akawa anakula chumbani kwake.

Baada ya wiki mbili tulikwenda naye kliniki, na nesi akatuuliza kama nyumbani wengine wamepimwa. Akamgeukia mama: "Na wewe mama, twende nikutoe damu." Mama akashangaa: "Mimi? Kwa umri huu nipimwe nini tena, mwanangu?" Akapimwa. Alikuwa nayo.

Nesi akatueleza polepole. Mtu mzima akiambukizwa B, mara nyingi mwili wake huishinda wenyewe, na wanaobaki nayo maisha ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga ni kinyume. Akiipata wakati wa kuzaliwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki nayo. Kwa hiyo kijana anayekutwa na B ya muda mrefu, uwezekano mkubwa ni kwamba aliipata akiwa kichanga au mtoto mdogo, kabla hajajua hata kutamka neno uzinzi. Ni kweli B huambukizwa kwa ngono pia, na kwa damu: wembe, mswaki wa kuchangia, sindano, chale, vifaa vya kutahiria na vya kutoga masikio visivyochemshwa. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hivyo tone la damu lililokauka kwenye mashine ya kinyozi si jambo la kupuuza. Lakini kumsomea mtu tabia yake kwenye karatasi ya maabara ni dhuluma.

B haipiti kwenye sahani. Haipiti kwa kupeana mkono, kukumbatiana, kupiga chafya wala kula sinia moja. Mama mwenye B anaweza kunyonyesha. Jioni ile ile mama alikaa uani akaikwangua ile rangi kwa kisu, kimoja baada ya kingine.

"Zote ni uchafu wa chakula"

Hiyo ni A na E. Hizi hutoka kwenye kinyesi na kuingia mdomoni, kupitia maji yasiyochemshwa, matunda yasiyooshwa na mikono iliyotoka chooni bila sabuni. Kwa kawaida huisha zenyewe. Ila E ikimkuta mjamzito wa miezi ya mwisho huua vibaya mno: inaweza kuondoka na mmoja kati ya watano, hata mmoja kati ya wanne. Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mlipuko wa E ulioanza mwaka 2007 uliuguza watu zaidi ya 10,000. Kinga yake ni maji safi na choo.

C ni ya damu zaidi, na huku pwani inawatafuna vijana wanaojidunga dawa za kulevya kwa kuchangia sindano moja. D haiwezi kuishi bila B, kwa hiyo anayejikinga na B amejikinga na zote mbili.

"Mganga alimponya kwa siku 21"

Naamini wanaosema hivi hawadanganyi. Wameona macho yakirudi meupe. Lakini A na E hupona hivyo hivyo bila dawa, na B mpya kwa mtu mzima pia mara nyingi. Mizizi inapata sifa ya kazi iliyofanywa na mwili. Hatari ni kwa yule mwenye B ya kudumu: anaambiwa amepona, anaacha kupima, na ini lililokwisha kuchoka linaongezewa dawa chungu ambazo hakuna ajuaye kipimo chake.

"Haina dawa, na wakikupa dawa ni zile za UKIMWI"

C inapona. Vidonge vya kumeza kwa wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. B bado haina dawa ya kuifuta kabisa, lakini kidonge kiitwacho tenofovir huifunga mdomo. Ndiyo, ni dawa ile ile iliyomo kwenye ARV, kwa sababu inazuia virusi vyote viwili kuzaliana. Mama alipoiona alilia, akidhani tumemficha jambo. Sasa anameza kimoja kila siku baada ya isha. Hatakiwi kukiacha kwa kuwa anajisikia vizuri, maana kukatisha ghafla huweza kuamsha virusi kwa kishindo. Mdogo wangu bado hahitaji dawa. Anarudi kila miezi 6 kwa kipimo cha damu na ultrasaundi.

"Twende tukachanjwe tu"

Pima kwanza. Chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, na inampa utulivu wa uongo. Usiye nayo, chanjwa B mara tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa 6. Watoto wa Tanzania walianza kuipata kwenye chanjo za kawaida mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla yake hatukuchanjwa. Mjamzito mwenye B aongee na kliniki mapema, kwa sababu mtoto wake anahitaji sindano ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Kungoja ile ya kawaida ya wiki ya 6 ni kuchelewa, na hiyo ya kuzaliwa si kila kituo kinakuwa nayo tayari.

Wifi yangu alipimwa, hana. Amekwisha pata sindano mbili, na tarehe ya tatu mdogo wangu ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani.