Jumanne saa nane mchana si kipimo cha filamu

Juzi nimeisikia tena, kwa kinyozi pale Kondele, wembe ukiwa shingoni mwangu kwa hivyo sikuweza kujibu. Jamaa wa kiti cha pili alikuwa anamweleza kinyozi wake kwamba filamu za supahiro zimekwisha. "Omera, watu wamechoka nazo. Mimi nilienda kuona moja Jumanne saa nane mchana, tulikuwa watu sita ukumbi mzima. Sasa hiyo Avengers wanaleta Desemba, nani ataenda?"

Jumanne saa nane mchana, ndugu yangu, wenye kazi wako kazini, wenye shule wako shule, na wasio na kazi wala shule hawana hela ya tiketi. Watu sita saa hiyo ni umati. Nimewahi kupiga shoo ya saa nane kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa amelala.

Mimi ni mpanga ratiba wa ukumbi wa sinema hapa Kisumu. Kazi yangu ni kuamua filamu gani ipigwe saa ngapi, mara ngapi kwa siku, na iondoke lini. Mwenzangu wa projekta akienda likizo, mimi ndiye ninayepanda kule juu. Huu msemo wa "watu wamechoka" nimeambiwa na shemeji yangu, na mwenye boda anayenipeleka nyumbani baada ya shoo ya mwisho, na hata kijana wa msambazaji ambaye analipwa aamini kinyume chake. Kusema watu wamechoka ni kama kusema mtoto ana homa. Sawa, tumeona ana homa. Ni malaria ama ni jino?

Chukua mwaka 2023, maana ndio mwaka msemo huu ulipohamia rasmi kwenye kaunta yangu. Februari ilikuja Ant-Man ya tatu, Quantumania. Kule Marekani, ambako hesabu hutangazwa kila Jumapili kama matokeo ya ligi, iliingiza dola milioni 106 kwa siku tatu za kwanza. Hakuna Ant-Man iliyowahi kuanza hivyo: ya 2015 ilianza na milioni 57, ya 2018 na milioni 76 hivi. Kisha wikendi ya pili ikaporomoka kwa karibu asilimia 70, na mwisho wa safari ikawa imekusanya takriban milioni 476 dunia nzima, chini ya zote mbili zilizoitangulia. Mei, studio ileile, Marvel, ikaleta Guardians of the Galaxy ya tatu. Hiyo ilianza na milioni 118, ilhali ya 2017 ilikuwa imeanza na 146. Jumatatu simu yangu ilijaa: umeona sasa, si tulikwambia? Wikendi ya pili ikashuka kwa chini ya nusu, ikaendelea kutambaa polepole wiki baada ya wiki, na ikamaliza na milioni 845. Ile ya 2017 ilimaliza na 863.

Rudia kusoma hapo. Iliyoanza kwa kishindo ndiyo iliyokufa mapema, na iliyoanza kwa kuchechemea ikamfikia dada yake karibu mlangoni. Sasa uchovu uko wapi? Mtu aliyechoka haji Ijumaa usiku. Haji kabisa. Wale wa Februari walikuja, tena kwa wingi kuliko mara zote mbili za nyuma, wakatoka, halafu wakanyamaza. Au hawakunyamaza, wakawaambia wenzao wabaki nyumbani.

Na tafadhali, tuache kutangaza tanzia kwa kila asilimia. Filamu za aina hii hushuka kwa nusu hivi wikendi ya pili kwa sababu mashabiki wote hujazana siku tatu za kwanza wakiogopa kuharibiwa hadithi na watu wa WhatsApp. Nikiona mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba filamu imeanguka asilimia 52 natamani nimpigie simu. Hamsini na mbili ni mvua ya masika. Sabini ndiyo mto Nyando umevunja kingo. The Marvels, Novemba mwaka huohuo, ilishuka 78. Joker ya pili mwaka 2024 ilishuka 81, na hapo nilikagua tarakimu mara mbili nikidhani kuna aliyekosea kuchapa.

Kitu ambacho jamaa wa kwa kinyozi hakijui, na sina sababu ya kumlaumu kwa sababu hakuna anayekieleza, ni kwamba wateja wangu wana foleni mbili. Kuna foleni ya Ijumaa, na kuna foleni ya "acha kwanza nisikie." Hamu ikiwa kamili, karibu kila mtu yuko kwenye ya kwanza. Hamu ikiwa nusunusu, watu hawapotei, wanahama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Wanasimama kando, mikono mifukoni, wakisubiri yule binamu mwenye kiherehere aende kwanza arudi na ripoti. Binamu akirudi amekunja uso, foleni ya pili inavunjika kimyakimya, na wewe unaniambia wamechoka.

Mimi hao wa foleni ya pili ndio wananilipia stima. Mgao wa tiketi kwa filamu kubwa humpendelea msambazaji wiki za mwanzo, kisha unalegea kidogo kadiri siku zinavyosonga. Wikendi ya kwanza ninayoipigiwa makofi mtaani ni ya watu wengine, mimi nabaki na bisi na soda. Wiki ya tatu ndiyo yangu. Kwa hiyo nikisikia watu wanabishana kama muendelezo fulani utafaa au hautafaa, silii. Ninayoiogopa ni ile filamu ambayo kila mtu ana hakika nayo.

Kuna uchovu mmoja ninaoukubali, na nataka tuuite kwa jina lake. Wakati wa The Marvels, mama mmoja alileta wanawe wawili. Alipotoka akasimama kaunta. "Mwanangu, yule msichana wa bangili ametoka wapi?" Nikaanza kumweleza kwamba kuna tamthilia yake ya 2022, na yule mwingine anayepita ukutani nguvu zake alizipata kwenye tamthilia nyingine, ya 2021, na zote mbili ni za kulipia kwa mwezi. Akanikatiza: "Yaani kulikuwa na kitabu cha kusoma kabla ya mtihani, na hamkutwambia?" Sikuwa na jibu. Yule mama hajachoka na mtu anayepaa. Amelipa tiketi tatu, nauli na bisi, akakuta anaingia katikati ya mazungumzo ya watu asiowajua.

Basi kwa miezi kadhaa nikawa natembea na hilo jibu kama mtu aliyegundua dawa: tatizo ni kazi ya nyumbani, kwisha. Halafu Julai 2024 ikaja Deadpool & Wolverine, iliyojaa mizaha kuhusu filamu za miaka ishirini nyuma, kazi ya nyumbani kuliko zote, na ikavuka dola bilioni 1.3. Nilisimama nyuma ya ukumbi nikitazama vijana ambao hawakuwa wamezaliwa filamu hizo zilipotoka, wakicheka mpaka wanapigana mabega. Nimejaribu kujitetea: eti mzaha unabebeka hata usipojua asili yake, ila huzuni haibebeki. Inawezekana. Inawezekana pia nilikuwa najidanganya tangu mwanzo na watu wanataka tu kucheka. Kila nikipanga ratiba nachagua mojawapo ya majibu hayo mawili kulingana na nilivyoamka.

Na kuna hamu nusunusu ambayo haina uhusiano wowote na ubora. Kisumu inaijua kuliko miji mingi. Februari 2018 Black Panther ilionyeshwa hapa kabla ya kufunguliwa kwa umma, kwa sababu ya Lupita Nyong'o, binti wa huku aliyeigiza humo, na mji huu ulivaa kana kwamba kuna harusi ya kila mtu. Kisha Chadwick Boseman, aliyekuwa Black Panther mwenyewe, akafariki Agosti 2020. Muendelezo ulipofika Novemba 2022, watu walikuja kununua tiketi huku wanasema hawajui kama wanataka kuiona. Kuna mzee alinunua mbili za Ijumaa, akazirudisha Alhamisi, akaja tena Jumapili akanunua moja. Mzee huyo utamweka kwenye safu gani ya takwimu? Filamu ile ilikusanya takriban milioni 859 wakati ya kwanza ilipita bilioni 1.3, na wachambuzi wakaandika kwamba imeshuka. Hesabu ni sahihi. Ila pale mlangoni kwangu haikufanana na kushuka. Ilifanana na matanga: unachelewa, unasitasita, lakini unaenda.

Sasa hii Avengers ya Desemba. Ubishi nauelewa. Julai 2024 walipotangaza kwamba Robert Downey Jr. anarudi, tena si kama Iron Man, aliyekwisha kufa kwenye hadithi, bali kama adui, Doctor Doom, nusu ya kundi letu la WhatsApp ilishangilia na nusu nyingine ikasema hiyo ni kumfufua marehemu ili alipe deni. Machi 2025 wakatuonyesha viti. Viti! Matangazo ya moja kwa moja ya zaidi ya saa tano, kamera inasogea kutoka kiti kimoja hadi kingine, kila kimoja na jina la mwigizaji mgongoni. Mwenzangu wa projekta alitazama yote, kisha akaniuliza kwa uso mkavu kama tunaweza kuuza tiketi za viti vyetu kwa mtindo huo. Baadaye filamu ikasogezwa kutoka Mei 1, 2026 hadi Desemba 18. Kwa mtu wa kuchambua, kuahirishwa ni dalili ya ugonjwa. Kwangu kunabadilisha hesabu yote, na hapa ndipo wachambuzi wa Marekani hawawezi kunisaidia.

Hapa kwetu kalenda ina nguvu kuliko trela. Filamu ikifunguliwa tarehe 21 ya mwezi, hata iwe tamu namna gani, wikendi yake ya pili itaizidi ya kwanza au itakaribiana nayo, kwa sababu mshahara ulikuwa haujaingia. Ikifunguliwa tarehe 30, itaanza kama moto wa nyasi kavu halafu izime, na watu watasema ni mbaya. Mechi kubwa ya Uingereza Jumamosi jioni inanimeza theluthi ya ukumbi. Mvua ikianza saa kumi na moja, wa Nyalenda na Manyatta hawaji, wa Milimani wanakuja kwa magari. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohusu uchovu. Kabla ya Krismasi waajiri wengi hulipa mapema, na wikendi inayofuata wa Nairobi wanakuwa wameshafika nyumbani, mji umejaa mashangazi na watoto wanaotafuta pa kupelekwa. Ninaweza kupata wikendi ya pili kubwa kuliko ya kwanza kwa filamu ya wastani tu. Kisha inakuja Njaanuari, na hapo hata filamu iliyoshuka kutoka mbinguni itachezewa viti vitupu.

Kibaya zaidi, siku hiyohiyo imetangaziwa Dune ya tatu. Filamu kubwa huja na masharti yake: msambazaji anataka shoo zote nzuri za wiki za mwanzo, na faili yenyewe imefungwa. Ufunguo wake wa kidijitali unatolewa kwa seva fulani, ile kompyuta ya projekta, kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Siwezi kuamka Jumamosi nikaona umati nje nikahamishia filamu ukumbi wa pili kama mtu anayehamisha sufuria jikoni. Tuliwahi kupokea ufunguo wa seva isiyo yetu usiku wa ufunguzi, ukumbi umejaa, skrini nyeusi kwa dakika arobaini. Wateja walituimbia nyimbo za shule ya msingi. Ndiyo maana inanibidi nikisie hamu ya watu wiki kadhaa kabla, wakati wao wenyewe bado wanabishana kwa kinyozi.

Jambo moja linanisumbua kwa kweli, na silisemi kwa mkutano wa bosi. Vijana wa miaka kumi na sita hadi ishirini walikuwa wanakuja wanane wanane. Siku hizi wanakuja wawili wawili. Inaweza kuwa bei, inaweza kuwa simu, na inawezekana yule jamaa wa kwa kinyozi, kwa sababu zisizo zake, ana chembe ya haki.

Mpango wangu ni huu. Alhamisi usiku shoo moja tu, hao wa foleni ya kwanza wabanane. Jumamosi asubuhi nawawekea mashangazi na watoto. Shoo ya saa mbili usiku sitaipa filamu yoyote peke yake mpaka nisikie binamu wamerudi na ripoti gani, kama msambazaji ataniruhusu, na mara nyingi haruhusu. Nitaomba ufunguo ufanye kazi angalau hadi Januari 10. Wakinipa, nitapiga moja saa kumi jioni kwa bei nafuu ya Jumanne, kwa wale wa acha-kwanza-nisikie ambao watakuwa wamemaliza hela zote Krismasi. Saa nane mchana sitaipiga.