Projekti ya sayansi sio maonyesho

Sina ugomvi na ile volkano ya siki na bekingi soda, watoto wanaipenda, povu likipanda darasa zima kelele, ila muulize mwanafunzi kajifunza nini kuhusu volkano uone atakavyokukodolea macho. Na ana haki, maana pale asidi imekutana na bekingi soda ikatoka gesi ya kaboni dayoksaidi, basi, wakati ya mlimani ni miamba iliyoyeyuka na gesi zilizobanwa huko chini.

Mi naiita projekti pale mwanafunzi anapokuwa na swali ambalo jibu lake bado halijui, na ikiwezekana awe ameshabashiri.

Chukua pendulamu, yaani jiwe lililoning'inizwa kwenye uzi likawa linabembea. Uzi, jiwe, rula na saa ya kwenye simu, hamna kingine. Kabla hawajagusa chochote waandike kwenye daftari: jiwe zito litabembea haraka kuliko jepesi? Wengi wataandika ndiyo, na wewe mwalimu nyamaza hapohapo (najua inavyowasha). Uzi wa mita 1 ukibembea kidogo, kwenda na kurudi ni kama sekunde 2, weka jiwe zito weka jepesi ni ileile. Halafu waufupishe mpaka sentimita 25, wanapata kama sekunde 1, yaani urefu umebaki robo lakini muda umebaki nusu, hapo wale wa hesabu wanaanza kubishana wenyewe na kipeuo cha pili kinaingia bila hata wewe kukitaja.

Sasa utamu uko kwa lile kundi linalokuja kukwambia "mwalimu sisi jiwe zito limechelewa". Usiwaambie wamekosea, nenda kaangalie walivyofunga. Mara nyingi wamening'iniza jiwe la pili chini ya la kwanza, kwa hiyo wameongeza uzito na urefu kwa mpigo bila kujua, kwa sababu urefu wa pendulamu unapimwa toka kule juu uzi ulipofungwa mpaka kwenye kitovu cha uzito (pale ambapo uzito wote ni kama umekusanyika), sio mpaka kwenye fundo. Kanuni ya kubadilisha kitu kimoja kimoja unaweza kuiandika ubaoni mwaka mzima isiwaingie kama inavyowaingia hapo.

Kingine, wasipime mbembeo mmoja. Wapime 10 halafu wagawe kwa 10, maana kidole kinachelewa kubonyeza na huo uchelewaji unagawanyika pia.

Kwenye maksi mi naangalia daftari, sio jibu. Namba zikiwa safi mno, zinafanana mpaka desimali ya mwisho, nashtuka, hapo kuna mtu kanakili au mzazi kasaidia.

Ila jamani tusifanye kila mada projekti. Muda hautoshi, na vitu kama alama za elementi au vizio vya vipimo we fundisha tu ubaoni, wafanye mazoezi, msonge mbele.