Je, wajua kwa nini jiji zima huchangamka linapoandaa michezo ya kimataifa?

Muulize mtu yeyote ambaye jiji lake limewahi kuandaa Olimpiki au Kombe la Dunia. Huenda hajui hata sheria za mchezo mmoja, tiketi hakupata na uwanjani hakutia mguu. Lakini atakusimulia siku zile uso ukiwaka, kana kwamba yeye ndiye aliyekimbia. Furaha hiyo aliipata wapi?

Jibu la haraka ni ushindi. Timu ya nyumbani ikishinda watu hufurahi, hilo halina ubishi, lakini halitoshi. Kati ya mwaka 2011 na 2013 watafiti waliwahoji watu wapatao 26,000 wa London, Paris na Berlin, wakiwauliza wanavyojisikia na wanavyoridhika na maisha yao. London ndiyo iliyoandaa Olimpiki ya 2012. Paris iliitaka michezo hiyohiyo ikaikosa. Mwaka ule wa michezo, furaha ya wakazi wa London iliongezeka ikilinganishwa na ya wenzao wa miji ile miwili, na ilipanda hasa kuzunguka sherehe za ufunguzi na za kufunga. Siku ya ufunguzi, kumbuka, hakuna medali hata moja inayotolewa. Watu walikuwa wameshaanza kufurahi kabla ya kushinda chochote.

Kwa maoni yangu, siri kubwa iko barabarani. Katika jiji kubwa tumezoea kupishana kimya: kwenye treni kila mtu na simu yake, macho chini. Kumsemesha usiyemjua kunahitaji sababu, na siku za kawaida sababu haipo. Michezo huileta. Jezi ya mgeni imeshakuambia anatoka wapi, na "jana mlicheza vizuri" inatosha kufungua mazungumzo ya vituo vitano. London ilikuwa na watu 70,000 wa kujitolea waliovaa sare za zambarau. Baadhi yao walivaa mkono mkubwa wa sponji wa rangi ya waridi, kidole kimenyooka kuonyesha njia. Mtu mzima akikuelekeza kwa mkono mkubwa kuliko kichwa chake, utajizuiaje usitabasamu? Na ukishatabasamu, umeshaingia kwenye sherehe.

Mwili nao una sehemu yake. Mwaka 1912 mwanasosiolojia Mfaransa Émile Durkheim alieleza kwamba watu wengi wakikusanyika kwa jambo moja, huzuka kati yao nguvu mfano wa umeme, inayomnyanyua kila mmoja juu ya hali yake ya kawaida. Karibu miaka mia moja baadaye, watafiti wa Oxford walipima jambo linalofanana na hilo kwa wapiga makasia. Walipofanya mazoezi pamoja kwa mdundo mmoja, walivumilia maumivu zaidi kuliko kila mmoja alipofanya peke yake, ingawa kazi ilikuwa ileile. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwenda pamoja huuchochea mwili kutoa endofini kwa wingi zaidi, kemikali inayopunguza maumivu na kuleta raha.

Sasa fikiria Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, Juni 2002, wakati wa Kombe la Dunia. Mamia ya maelfu ya watu waliovaa fulana nyekundu wamejaa mbele ya ukumbi wa jiji, mahali ambapo siku nyingine zote ni mzunguko wa magari. Wanatazama skrini kubwa. Wanalitaja jina la nchi yao kwa sauti moja, kisha makofi matano, kisha jina tena, makofi matano. Ukisimama katikati yao mikono yako itapiga makofi yenyewe kabla hujaamua. Wenyeji walipenda sana kuwa na mahali pa kukusanyika, na mwaka 2004 mzunguko ule uligeuzwa kuwa uwanja wa wazi wenye nyasi, ambao upo hadi leo.

Kuna pia raha ya kuuona mji wako ukivunja mazoea. Los Angeles ilipoandaa Olimpiki mwaka 1984, watu waliogopa foleni za kutisha, wengi wakabadili saa na njia zao, na magari yakatembea vizuri kuliko kawaida.

Shamrashamra hizi hazikai. Wale watafiti waliporudi London mwaka 2013, furaha ya ziada ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana namwambia kila anayesubiri michezo mjini kwake atoke siku ya kwanza, asingoje fainali.

Paris ilipata zamu yake ya kuandaa Olimpiki mwaka 2024. Kila jioni chombo cha mwenge kilipaa kikiwa kimefungwa chini ya puto kubwa juu ya bustani ya Tuileries, zaidi ya mita 60 kutoka ardhini, kikiwaka kwa taa na ukungu wa maji badala ya moto halisi. Watu walisimama madarajani, wengine na watoto mabegani, wakingoja kipande kile cha nuru kipae. Michezo ikaisha, puto likashushwa. Tarehe 21 Juni 2025 lilirudishwa angani, na watu wakarudi kulitazama.