Sayansi bandia: maana yake, na namna ya kuitambua mjadala unapopamba moto

Sayansi bandia ni madai yanayojivika vazi la sayansi, yaani istilahi zake, takwimu zake, hata koti jeupe la maabara, huku yakikwepa kile kinachoifanya sayansi iaminike: kupimwa kwa namna inayoweza kuyaangusha. Shina la maana yake ni huko kukwepa. Dai linaweza kuwa la ajabu na bado likawa sayansi. Linaweza hata kuwa na makosa na bado likawa sayansi. Linakuwa bandia pale wenye dai wanapojipanga ili lisishindwe kamwe, lije jua ije mvua.

Naanza na hilo kwa sababu mijadala mingi ya mtandaoni inapotea njia hapohapo. Mmoja anaandika kwamba maji yana kumbukumbu, wa pili anamjibu kuwa huo ni ujinga, wa tatu anauliza mbona hata Galileo, aliyesema dunia huzunguka jua, alipingwa, na kuanzia hapo hakuna anayezungumzia ushahidi tena. Wanabishana kama dai linasikika la maana au halisikiki. Lakini masikio hayatoshi. Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener aliposema mwaka 1912 kwamba mabara yanasogea, wanajiolojia wengi waliona ni upuuzi, na alikuwa sahihi.

Kwa maoni yangu, hakuna njia bora ya kuona mpaka kati ya pande hizi mbili kuliko kuweka pamoja matukio mawili ya fizikia yaliyopishana kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1903 mwanafizikia Mfaransa René Blondlot, wa Chuo Kikuu cha Nancy, alitangaza kwamba amegundua mionzi mipya. Aliiita mionzi ya N, kwa heshima ya Nancy. Hakuwa tapeli. Alikuwa mtafiti anayeheshimika, na zama zenyewe zilikuwa za uvumbuzi wa aina hiyo: mionzi ya X ilikuwa imegunduliwa mwaka 1895, na unururifu wa urani mwaka 1896. Tatizo lilikuwa kwenye upimaji. Mtu alikaa gizani akatazama kama mwanga hafifu mno umeongezeka kidogo au la. Makumi ya watafiti wakasema wameuona ukiongezeka. Wengine, hasa nje ya Ufaransa, hawakuona kitu, wakaambiwa macho yao hayana wepesi unaotakiwa.

Mwaka 1904 mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alifunga safari hadi Nancy akajionee. Ndani ya giza la maabara, Blondlot akiwa anasoma vipimo vya mionzi iliyopindishwa na prizimu ya alumini, Wood aliichomoa ile prizimu kimyakimya. Blondlot akaendelea kusoma vipimo vilevile.

Hadi hapo ni kosa tu, na kosa humpata kila anayefanya kazi. Jarida moja la kisayansi la Ufaransa likapendekeza jaribio rahisi: masanduku mawili yanayofanana, yamefungwa, moja lina kipande cha feleji kinachosemekana kutoa mionzi hiyo na jingine lina madini ya risasi yasiyoitoa. Blondlot aseme lipi ni lipi. Alikataa. Alijibu kwamba jambo lenyewe ni laini mno kwa jaribio la namna hiyo, na kila mtu ajiamulie. Kwangu mimi, siku ile ya kukataa ndipo mionzi ya N ilipoacha kuwa sayansi iliyokosea na kuanza kuwa kitu kingine.

Sasa tazama mwaka 2011. Mwezi Septemba, watafiti wa mradi wa OPERA walitoa matokeo yaliyoushtua ulimwengu wa fizikia. Walikuwa wakipima mwendo wa nutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zinazotumwa kutoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa takribani kilomita 730. Nutrino zilionekana kufika nanosekunde 60 mapema kuliko ambavyo mwanga ungefika. Kama ni kweli, nguzo mojawapo ya fizikia ya Einstein ilikuwa imeanguka. Walifanya nini? Walianika vipimo vyao, wakasema wametafuta kosa hawakuliona, wakawaomba wenzao nao walitafute. Mapema mwaka 2012 likapatikana: kebo ya nyuzi za kupitishia mwanga haikuwa imekazwa vizuri. Kundi jingine la watafiti katika maabara hiyohiyo, la mradi wa ICARUS, likapima kivyake na kukuta nutrino haziupiti mwanga. Matokeo yakasahihishwa.

Ukitazama madai yenyewe, la OPERA lilikuwa la ajabu kuliko la Blondlot. Kupita mwendo wa mwanga si jambo dogo. Lakini OPERA walilikabidhi dai lao kwa watu wenye uwezo wa kuliua, na Blondlot alilificha.

Mwanafalsafa Karl Popper alianza kulifikiria jambo hili akiwa bado kijana, huko Vienna, mwaka 1919. Mwaka huo msafara wa mwanaastronomia Mwingereza Arthur Eddington ulipiga picha za nyota wakati wa kupatwa kwa jua, ili kuona kama uzito wa jua unaupinda mwanga kwa kiasi alichotabiri Einstein, yaani sekunde 1.75 za pembe (nyuzi moja ina sekunde 3,600) kwa mwanga unaopita ukingoni mwa jua. Kilichomgusa Popper ni hatari ambayo Einstein alijiingiza. Picha zingetoka tofauti, nadharia ingekwama mbele ya dunia nzima. Akailinganisha nadharia hiyo na nadharia za nafsi zilizokuwa zikivuma mjini mwake, ambazo ziliweza kumweleza mtu anayemtosa mtoto majini na mtu anayejitosa kumwokoa kwa maelezo yaleyale. Wafuasi wa nadharia hizo za nafsi waliona ni nguvu, kwamba nadharia haishindwi na lolote. Popper aliona huo ndio udhaifu wake mkubwa. Nadharia inayokubaliana na kila kinachoweza kutokea haijatuambia chochote kuhusu kitakachotokea.

Kipimo cha Popper hakimalizi kazi, na wanafalsafa waliomfuata wamekikosoa kwa haki. Mwanasayansi wa kweli haitupi nadharia yake siku ya kwanza inapogongana na kipimo. Chukua mfano wa Urbain Le Verrier, mwanaastronomia Mfaransa. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia inayotarajiwa kwa hesabu za Newton. Badala ya kumtupa Newton, Le Verrier alikisia kwamba kuna sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, akapiga hesabu za mahali ilipo, na mwaka 1846 mwanaastronomia Johann Galle akaiona kutoka Berlin, chini ya nyuzi moja kutoka pale palipotabiriwa. Hiyo ndiyo Neptune. Miaka kadhaa baadaye Le Verrier aliona sayari ya Zebaki nayo inakengeuka kidogo, akatumia mbinu ileile: lazima kuna sayari nyingine karibu na jua. Ikapewa jina Vulcan. Ikatafutwa kwa miongo, kupatwa kwa jua baada ya kupatwa kwa jua, haikuonekana. Mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba mkengeuko ule unatokana na namna mvutano unavyofanya kazi, bila kuhitaji sayari yoyote.

Mtu yuleyule, mbinu ileile, mara ya kwanza kapatia na mara ya pili kakosea. Vulcan haikuwa sayansi bandia hata siku moja. Ilitaja mahali pa kutazama, watu wakatazama, ikakosekana. Ingekuwa bandia kama watetezi wake wangesema kwamba ipo ila haionekani kwa wasioamini.

Mtandaoni hatuna maabara, tuna maneno tu. Kwa hiyo swali ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: ni ushahidi gani ukiuona, utakubali kwamba dai lako si kweli? Muulize mtu kwa adabu, usimtege, kisha sikiliza. Mwenye sayansi mkononi kwa kawaida ana jibu, hata kama hajawahi kulifikiria. Atasema: wagonjwa waliopewa dawa wasipopona kuliko wale wasiopewa, basi haifanyi kazi. Mwenye sayansi bandia atahamisha goli. Ukimwonyesha jaribio lililoshindwa, atasema lilifanywa na wasiojua. Ukimwonyesha jingine lililofanywa na wanaojua, atasema wamenunuliwa. Ukimwonyesha mia moja, wingi wenyewe utageuka kuwa uthibitisho kwamba kuna njama kubwa. Hapo hakuna tena ushahidi unaoweza kumfikia, kwa sababu kila unaokuja unageuzwa rangi mlangoni.

Ushuhuda wa mtu binafsi unastahili kuzungumzwa kwa utulivu, maana ndio unaowashawishi wengi na mara nyingi unatoka kwa watu wakweli kabisa. "Nilitumia, nikapona." Mtu huyo hasemi uongo. Ila magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe, na watu hutafuta tiba wakiwa wamezidiwa, yaani pale ambapo ugonjwa ulikuwa karibu kuanza kupungua hata bila kufanya kitu. Chochote alichotumia siku hiyo kitapata sifa. Halafu waliotumia kitu hichohicho wasipone hawaandiki. Wengine hawapo tena wa kuandika. Ndiyo maana utafiti wa tiba hugawa watu kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja linapewa dawa na jingine kidonge kisicho na dawa ndani, na hata anayewahudumia hajui nani kapewa kipi. Utaratibu huo haudharau uzoefu wa mgonjwa. Unamlinda asidanganywe na bahati.

Istilahi nzito zisikutishe. Maneno kama kwanta, nishati, masafa na sumu za mwilini yana maana kamili katika fizikia na tiba, na dai la kweli linapoyatumia huweza kujibu swali la pili: nishati ya aina gani, inapimwa kwa kifaa gani, ni sumu ipi kwa jina? Wakati mwingine hesabu peke yake inatosha. Dawa ya homeopathi, yaani tiba ya kuzimua kitu mara nyingi ikiaminiwa kwamba bado kinaponya, iliyoandikwa 30C imezimuliwa kwa mia mara thelathini mfululizo, yaani sehemu moja ya kitu katika idadi ya sehemu inayoandikwa 1 ikifuatwa na sifuri 60. Ukianza na moli moja ya kitu, kipimo cha wakemia cha kuhesabia molekuli, una molekuli zipatazo 6 ikifuatwa na sifuri 23. Ndani ya chupa unayonunua hakuna uwezekano wa maana wa kukuta hata molekuli moja ya kile kilichotajwa kwenye lebo.

Utafiti mmoja nao hutumiwa kama rungu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kati ya maelfu ya tafiti zilizochapishwa hakosekani mmoja wa kuvutia upande wako. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Andrew Wakefield uliohusu watoto 12, ambao ulizua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inasababisha usonji. Mwaka 2010 jarida lilifuta makala hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461, na hawakuona chanjo ikiongeza usonji. Anayekuletea wale 12 bila kuwataja hawa wengine hajakuletea sayansi, hata kama makala aliyoshika ilitoka kwenye jarida lenye jina.

Kuhusu Galileo, jibu ni fupi. Kupingwa hakumfanyi mtu awe sahihi. Daktari wa Australia Barry Marshall alipodai kwamba vidonda vya tumbo husababishwa na bakteria, wengi walikataa. Mwaka 1984 alikunywa bakteria hao mwenyewe, tumbo lake likavimba ndani, wengine wakapima kwa wagonjwa wengi zaidi, na mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Alishinda kwa matokeo ambayo wapinzani wake waliweza kuyarudia wenyewe.

Naomba pia tusilitumie neno hili ovyo, kwa sababu linaumiza na linafunga masikio ya mtu. Dini, maadili na sanaa si sayansi bandia, maana havijidai kuwa sayansi. Wazo jipya ambalo halijapimwa si sayansi bandia, bado linasubiri. Na mtu aliyeamini dai bandia si lazima awe mjinga, kama Blondlot hakuwa mjinga.

Iko hoja moja ambayo watetezi wa sayansi huiogopa bila sababu: kwamba sayansi yenyewe imekiri kushindwa. Ni kweli. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na ni 36 hivi kati ya kila 100 zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa bahati tu. Lakini waliofanya hesabu hiyo ni wanasaikolojia wenyewe, wakaitangaza kwa majina yao, na tangu hapo majarida mengi yamekuwa yakiwahimiza watafiti kusajili hadharani nadharia tete na mpango wa uchambuzi kabla ya kukusanya data, ili asiwepo wa kuhamisha goli baada ya matokeo kutoka.